Nani Aliyaosha Maganda?

Kila jioni baada ya masomo, Nyanchoka hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia sokoni Magwagwa, akakata kushoto nyuma ya maduka ya nafaka, akaingia katika kiwanda kidogo cha krispi za ndizi ambamo mama yake, Bochaberi, alifanya kazi na wenzake wa kikundi. Harufu ya mafuta ya moto ilimpokea kabla hajafika mlangoni. Aliipenda. Kwake ilikuwa harufu ya sare mpya ya shule na ya mama anayecheka. Tena krispi hizo ziliuzwa hadi madukani mjini Kisii, na kila alipoona mtoto wa mtu mwingine akizitafuna, Nyanchoka alitamani kumwambia, "Hizo ni za kwetu."

Akina mama walikaa kuzunguka beseni kubwa la maji ya chumvi. Hakuna aliyemenya ndizi nje ya maji hayo. Ndizi mbichi ina utomvu unaoganda mikononi ukawa mweusi kama lami, na ukiimenya pakavu hubadilika rangi ukiitazama. Kwa hiyo kisu, mikono, ndizi na maganda, vyote vilizama humo pamoja. Ndizi zilizomenywa zilipelekwa kukatwa vipande vyembamba na kukaangwa. Maganda yalichotwa kwa karai yakatupwa nyuma ya nyumba.

Huko nyuma ndiko kulikokuwa na shida. Lundo la maganda lilikuwa limefika urefu wa dirisha. Nzi walilizunguka mchana kutwa, na jua la Februari lilipolipiga, harufu yake ilivuka ua ikaingia kwenye kitalu cha miche cha Mzee Onyiego, mwenye nyumba.

Jioni hiyo Mzee Onyiego alikuja mwenyewe, kofia mkononi, uso umekunjamana.

"Mama Nyanchoka," alisema, "wateja wangu sasa wanachagua miche wakiwa wameziba pua. Leo mmoja ameniuliza kama nimezika ng'ombe hapa."

Akina mama walicheka, ingawa hawakutaka. Mzee hakucheka.

"Nimevumilia. Lakini shule zikifungwa likizo ya katikati ya muhula nikute lundo hili bado lipo, nitaitaka nyumba yangu. Mtafute pengine pa kukaangia."

"Mzee, tumewaomba wenye mashamba wayachukue," Bochaberi alisema kwa upole. "Wanakataa. Wanasema yanawaletea panya."

"Basi na mimi nakataa," akasema Mzee Onyiego, akavaa kofia yake na kuondoka.

Kicheko kiliisha kiwandani. Nyanchoka alimtazama mama yake akirudisha mikono ndani ya beseni na kuendelea kumenya, polepole kuliko kawaida. Nyumba nyingine ya kukodi karibu na sokoni haikuwepo. Bila nyumba, hakuna krispi. Hilo hakuhitaji kuelezwa.

Siku iliyofuata, Mwalimu Zilpa aliingia katika darasa la Gredi ya Saba akiwa na glasi na kifuko kidogo. Mwalimu Zilpa alikuwa ametoka upande wa ziwa, na kila asubuhi aliwasalimu kwa Ekegusii, lugha ya wenyeji, "Bwakire!", kwa lafudhi iliyowafanya wanafunzi wafunike midomo. Alifundisha sayansi na kusimamia klabu ya kilimo.

Alimimina unga wa kahawia ndani ya glasi, akaongeza maji. Unga ulikunywa maji ukavimba, ukavimba tena, ukawa mzito kama uji uliopoa. Kisha akaigeuza glasi juu chini. Mose, aliyekaa mbele, alirudi nyuma ili asilowe. Hakuna tone lililoanguka.

"Huu ni uchawi, mwalimu?" Mose aliuliza.

"Ni maganda ya ndizi," Mwalimu Zilpa akajibu. "Ganda lina nyuzi ndogo na ute unaonata. Ukilichemsha na maji ya ndimu, ukaliponda, ukalianika na kulipitisha kwenye moto mdogo, vitu hivyo hushikana kama wavu. Wavu huo hunasa maji. Ukichanganya unga huu na udongo, mvua ikikawia, mizizi inaendelea kunywa kidogo kidogo."

Mkono wa Nyanchoka ulikuwa juu kabla mwalimu hajamaliza. "Mwalimu, maganda tunayo! Tunayo mengi mpaka yanatukosanisha na watu!"

Darasa zima lilicheka, lakini Mwalimu Zilpa hakucheka. Alimsikiliza Nyanchoka akieleza habari za lundo na maneno ya Mzee Onyiego. Kisha akaegemea meza, akawaza.

"Mwenye kitalu cha miche ndiye anayetaka maganda yaondolewe?" aliuliza. "Basi tumwonyeshe kwamba ndiye anayeyahitaji kuliko watu wote."

Mpango ukapangwa. Klabu ingepanda miche ya sukuma wiki katika mikebe, nusu kwenye udongo mtupu na nusu kwenye udongo wenye unga. Wangemwagilia mara moja tu, kisha waiache juani. Mzee Onyiego angealikwa aje kujionea. Sharon, rafiki wa Nyanchoka, alipewa kazi ya mikebe na udongo. Nyanchoka alipewa kazi ya unga.

"Kazi ya kwanza ni kuosha," Mwalimu Zilpa alimwambia. "Osha kwa maji safi, uyamwage, uoshe tena, mpaka maji yatoke kama yalivyoingia. Usiruke hapo."

"Sitaruka, mwalimu," Nyanchoka akasema, na alimaanisha.

Ijumaa alibeba gunia la maganda mabichi kutoka kiwandani. Lakini Ijumaa si siku kama nyingine katika nyumba za Waadventista Wasabato kama ya kwao. Jua likizama, Sabato imeingia, na kazi zote husimama: jiko huzimwa, ufagio huwekwa pembeni, maji ya kesho yawe tayari yamo ndani. Kwa hiyo alasiri hiyo kijiji kizima kilikuwa kwenye chemchemi. Mitungi ilipangwa hadi njiani, na chemchemi yenyewe, kwa sababu ya kiangazi, ilitoa maji membamba kama kidole.

Nyanchoka alisimama kwenye foleni akiangalia jua. Foleni ilisogea hatua, ikasimama. Akipata maji ya kuosha mara moja, angehitaji kurudi kupanga foleni tena, na tena. Na maganda yakilala hadi Jumapili yangeoza. Aliingiza mkono ndani ya gunia. Yalikuwa yameloa, hayana hata vumbi. Yalikuwa yametoka kwenye beseni la mama.

"Si tayari yameshaoga?" alijisemea.

Akachukua mtungi mmoja tu wa kuchemshia, akarudi nyumbani. Sabato ilipoingia, maganda yalikuwa yamechemka na ndimu, yamepondwa kwenye kinu, na yametandazwa juu ya mabati. Jumapili aliyapitisha kwenye moto, akasaga. Unga wake ulikuwa mzuri machoni, laini na wa kahawia. Jumatatu aliubeba shuleni kifua mbele.

"Hongera!" Mwalimu Zilpa alisema akiuchota kwa vidole. "Na maganda yalioshwa vizuri?"

"Ndiyo, mwalimu," Nyanchoka akajibu. "Baba aliyaosha."

Katika Ekegusii, mama huitwa baba, na baba huitwa tata. Hakuna mtoto wa huko ambaye hajawahi kuyachanganya maneno hayo shuleni akachekwa. Lakini siku hiyo Nyanchoka hakuteleza ulimi tu. Neno hilo lilikuwa kama nyumba yenye milango miwili, naye aliingia kwa mmoja akijua kuna wa kutorokea. Mama hakuwa ameyatia majini? Basi ameyaosha. Na mwalimu akidhani ni baba mzazi, hatakuja kiwandani kumuuliza mama.

"Mshukuru sana baba yako," Mwalimu Zilpa akasema. Wakaenda kupanda.

Walipanga mikebe katika kreti mbili kando ya ukuta wa darasa. Kwenye kreti yenye unga, Sharon alifunga kitambaa chekundu ili zisichanganywe. Wakamwagilia. Kisha wakaiacha.

Kwa siku za kwanza kreti zote mbili zilikuwa kijani. Kisha, asubuhi ya siku ambayo wageni walialikwa, Nyanchoka alikuwa na zamu ya kufagia na alifika kabla ya wengine. Alipoitupia macho kreti yenye kitambaa chekundu, ufagio ulimponyoka.

Miche yake ilikuwa imelala. Si kulala kwa kiu tu. Kingo za majani zilikuwa zimekauka na kujikunja kama karatasi iliyopitiwa na moto. Ile ya udongo mtupu ilikuwa imelegea kidogo, lakini ilikuwa hai.

Nyanchoka aliangalia huku na huku. Aliwaona kichwani mwake Mzee Onyiego na kofia yake, na akina mama wakitoa masufuria nje ya kiwanda mmoja mmoja. Akakifungua kitambaa chekundu, akakifunga kwenye kreti ya pili. Akaokota ufagio, akafagia mahali palipokuwa pameshafagiwa.

Wageni walifika mchana. Mzee Onyiego alikuja, akina mama wa kiwanda wakaja na sinia za krispi, na hata Nyangau, baba yake Nyanchoka, aliacha kuchuma majani chai akaja na gamubuti zake. Mwalimu Zilpa alifunua kreti. Watu wakaguna kwa mshangao. Upande mmoja miche imeungua. Upande wenye kitambaa chekundu, miche ya kijani.

"Kwa jua hili?" Mzee Onyiego aliinama, akayagusa majani. "Bila maji?"

"Bila maji, mzee," Sharon akasema kwa fahari. "Mimi mwenyewe nimeilinda."

"Na unga ameutengeneza nani?"

"Nyanchoka!" darasa likaitikia.

Wakapiga makofi. Nyanchoka alitabasamu, lakini tabasamu lilimkaa usoni kama kiatu cha mtu mwingine. Alikuwa ameingoja siku ya kupigiwa makofi mbele ya mama yake, na sasa imefika, alitamani iishe.

Mwalimu Zilpa alimwendea Nyangau, akampa mkono. "Asante, mzee, kwa kuosha yale maganda. Ndiyo kazi iliyotusaidia."

"Mimi?" Nyangau alijitazama mikono. "Mwalimu, mimi tangu mwaka uanze sijashika ganda la ndizi, labda la kula."

Mose ndiye aliyeelewa kwanza. "Mwalimu, Nyanchoka alisema baba! Huku kwetu baba ni mama!"

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Mwalimu Zilpa alicheka pia, akajipiga paji la uso. "Kumbe! Nitawajua lini ninyi watu? Basi nitamshukuru mama."

Nyanchoka alitazama chini. Mlango wa kutorokea ulikuwa umefungwa.

Mzee Onyiego aliinua kofia watu wanyamaze. "Mama Nyanchoka, sikia. Nyumba kaeni nayo. Na unga uliobaki nipeni leo hii. Nina miche ya pasheni inayokufa kwa jua, na wateja wameshaiagiza."

Akina mama walipiga vigelegele. Mzee aliondoka na mfuko wa unga begani kama mtu aliyebeba mahari.

Nyanchoka na mama yake walirudi pamoja kwa njia ya mkato kati ya mashamba ya majani chai. Bochaberi alikuwa akiimba kwa sauti ndogo. Kisha akaacha kuimba.

"Mwalimu wako amenishukuru kwa kuosha maganda," alisema kwa Ekegusii. "Nikaitikia tu, nisimwaibishe mbele za watu. Lakini niliyaosha lini?"

"Si yalikuwa kwenye beseni lako, baba?"

"Beseni langu?" Bochaberi alicheka. "Lile ni la maji ya chumvi, mtoto wangu. Lile si la kuosha. Hata wewe linakuchoma vidole ukikaa nalo sana, hulijui?"

Nyanchoka alisimama katikati ya njia. Chumvi. Aliyaona tena majani yaliyojikunja kama yameungua. Alikumbuka mahali nyuma ya kiwanda ambapo beseni humwagwa kila jioni, ambapo hata nyasi hazioti. Na sasa mfuko mzima wa unga huo ulikuwa njiani kuelekea kwenye miche ya pasheni ya Mzee Onyiego.

Angeweza kunyamaza. Miche ingekufa, na watu wangelaumu jua. Nyumba ingebaki, angalau kwa muda. Alimtazama mama yake, aliyekuwa bado na uso wa furaha, akaona kwamba neno atakalosema sasa litauondoa uso huo.

"Baba," alisema, "sikuyaosha. Foleni ilikuwa ndefu. Halafu miche yetu ndiyo iliyoungua. Nilihamisha kitambaa."

Bochaberi hakupiga kelele. Aliweka sinia chini, akasema neno moja tu: "Kimbia."

Nyanchoka alikimbia. Alishuka kilima, akaruka mfereji, akapita nyuma ya maduka, akaingia kitaluni bila kubisha. Mzee Onyiego alikuwa amekunja mikono ya shati, ameshika kijiko kikubwa, anachanganya unga na udongo kwenye karai. Miche ya pasheni ilikuwa imepangwa mbele yake, ikisubiri.

"Mzee, usiutie!" Nyanchoka alipaza sauti. "Tafadhali, itaungua!"

"Nini kitaungua? Wewe, pumzika kwanza."

Hakupumzika. Alisema yote kwa pumzi moja, foleni, Sabato, beseni, kitambaa, huku machozi yakimtiririka hadi kidevuni. Mzee Onyiego alisikiliza, kijiko kimeganda hewani. Kisha akachota unga kidogo kwa ncha ya kidole, akaulamba. Akatema.

"Chumvi!" alifoka. "Huu ungewekwa kwa mboga ya managu tukala na ugali!"

Bochaberi aliingia wakati huo, anahema, kilemba kimemlegea. Mzee alimgeukia.

"Mama Nyanchoka, umesikia kazi ya binti yako? Nimetoa neno langu la nyumba mbele za watu, kumbe nimeonyeshwa maigizo!"

"Nimesikia, mzee. Neno lako limerudi mkononi mwako, sitakudai," Bochaberi akasema. "Lakini likizo bado haijafika. Siku zetu ulizotupa mwanzo, tuachie."

Mzee alipangusa kidole chake kwenye suruali. Aliitazama miche yake, kisha karai, kisha msichana aliyesimama na kandambili moja tu, nyingine ikiwa imebaki mferejini.

"Likizo ni likizo," alisema hatimaye. "Na safari hii majaribio yatakaa hapa kwangu, langoni, nikiyaona mimi. Kitambaa nitafunga mwenyewe."

Jambo gumu zaidi lilibaki la asubuhi. Nyanchoka alisimama mbele ya darasa akasema tena yale yale, safari hii polepole. Kisha Mose, ambaye kimya kilimshinda siku zote, akaita kutoka mbele, "Nani aliyaosha maganda?" na wengine wakaitikia, "Baba!" Kicheko kikajaa chumba.

Sharon hakucheka. "Nilimwambia mzee nimeilinda mwenyewe," alisema. "Nilisema uongo bila kujua. Ulinifanya niuseme."

Maneno hayo yalimuuma Nyanchoka kuliko kicheko chote. "Nisamehe, Sharon," alisema.

Mwalimu Zilpa alinyamazisha darasa kwa kugonga meza. Alimwambia Nyanchoka kwamba amekosa mara mbili, kwa kuruka kazi na kwa kuficha, na kwamba kwa hilo atasafisha maabara peke yake wiki nzima. Kisha akaleta glasi mbili. Katika moja aliweka unga wake mwenyewe, katika nyingine unga wa Nyanchoka. Akamimina maji. Wa kwanza ulivimba hadi karibu na ukingo. Wa pili ulivimba kidogo, ukachoka, maji yakabaki yakielea juu yake.

"Mnaona?" alisema. "Chumvi huuzuia unga kunywa, kisha huichoma mizizi. Hili mimi sikuwaambia, kwa sababu sikujua kwamba kiwandani wanamenyea kwenye maji ya chumvi. Nilipaswa kwenda kuangalia. Sasa tunalijua sote."

Jumapili, chemchemi ilipokuwa haina foleni, Nyanchoka alishuka na gunia. Alikuwa ameinama juu ya karai aliposikia hatua. Alikuwa Sharon, na nyuma yake Mose na nusu ya klabu, kila mmoja na ndoo.

"Usifikiri nimekusamehe yote," Sharon alisema akikunja sketi. "Nimekuja kuhakikisha yanaoshwa."

"Na mimi nimekuja kuwa baba," Mose akasema. Hata Nyanchoka alicheka.

Waliosha, wakamwaga mbali na mimea, wakaosha tena. Kila mara mmoja wao alionja maji kwa ncha ya ulimi na kukunja uso, na kazi ikaendelea, mpaka Sharon alipoonja akasema, "Haya ni maji tu." Walichemsha, wakaponda kwa zamu, wakaanika. Mikono iliwauma. Hakuna aliyejisifu, na hakuna aliyetaka kwenda nyumbani kwanza.

Miche ikapandwa langoni kwa Mzee Onyiego, mistari miwili ya pasheni, mmoja wenye unga na mmoja bila. Mzee mwenyewe alifunga kitambaa kwa fundo ambalo, alisema, lingehitaji panga kulifungua. Jua lilikuwa kali wiki hiyo hata majani chai yakapoteza mng'ao. Nyanchoka alipita kila jioni na hakugusa kitu. Aliangalia tu, mikono nyuma.

Mstari usio na unga ulianza kuinamisha vichwa. Mstari wenye unga ulisimama. Majani mawili yaliyokuwa yamekatwa na wadudu yalibaki na matundu yao, lakini shina lilikuwa wima, na ncha zikaanza kutoa vijikono vidogo vya kupandia.

Siku moja kabla ya likizo, akina mama waliona Mzee Onyiego akija kiwandani. Mazungumzo yalikatika. Lakini safari hii kofia ilikuwa kichwani, na mbele yake alisukuma toroli tupu.

"Mama Nyanchoka," alisema, "hayo maganda mliyotupa huko nyuma, mnayatumia?"

Bochaberi alishika kiuno. "Mzee, si ulituambia tuyaondoe?"

"Niliwaambia. Sasa nawaambia ya zamani nitayaondoa kwa toroli hili, na yale mapya msimpe mtu mwingine. Mnijengee tu kibanda cha kuyaoshea, na bomba nitawavutia kutoka kwangu. Nyumba hii kaeni mpaka mchoke nayo."

Vigelegele vya siku hiyo vilisikika hadi kituo cha magari. Nyanchoka alikuwa mlangoni na begi mgongoni. Safari hii tabasamu lilikuwa lake mwenyewe.

Wakati wa likizo, mkulima mmoja wa kutoka Kenyenya alisimama kitaluni akiupindua pindua mfuko wa unga. "Mzee, wauza dawa wengi wametudanganya," alisema. "Hii inafanya kazi kweli?"

Mzee Onyiego alimwita Nyanchoka, aliyekuwa akikung'uta maganda makavu. "Muulize huyu."

Mkulima alishangaa kidogo, lakini akamuuliza.

"Inasaidia, ikiwa maganda yameoshwa chumvi yote," Nyanchoka alisema. "Lakini si badala ya maji. Inakusogezea siku tu mpaka mvua ije. Tumeijaribu kwa pasheni. Kwa nyanya bado hatujui, kwa hiyo siwezi kukuambia."

Mkulima alimtazama Mzee, kisha msichana. "Basi nitachukua ya pasheni," akasema.

Alipokwenda, Mzee Onyiego aliketi juu ya toroli lake. "Umemsikia? Ungemwambia inaponya kila kitu, angekwenda bila kununua. Sikiliza, msichana wangu. Siku ile ulipokuja mbio hapa, nilikasirika sana. Lakini usiku nikajiambia, huyu alikuwa na kila sababu ya kunyamaza, na amesema. Ndiyo sababu niliposimama mbele ya mstari ulionawiri, niliamini macho yangu. Mtu akikubali kukuambia kazi yake imeharibika, siku atakayokuambia imefaulu hutahitaji kumuuliza mara mbili. Kuosha maganda ni kazi ngumu, na kusema ukweli ni kazi ngumu zaidi. Zote mbili umeziweza. Usiziache."

Nyanchoka alisema asante. Kutoka upande wa pili wa ua mama yake, aliyekuwa amesikia kila neno, alimwita aje asaidie kubeba sinia. Alimwita kwa jina lake lote, pamoja na jina alilorithi kwa nyanya yake, kwa sauti iliyofika hadi barabarani, kama mtu anayetaka wapita njia wajue huyo ni binti wa nani.